Mwendesha mashtaka asituchagulie maelezo ya kuona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie karatasi zinazobaki ndani ya majalada ya waendesha mashtaka wetu hapa Uganda, mshtakiwa asizione wala mahakama isizione.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuwa mmoja wa wazee wa baraza wawili katika kesi ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Siku ya tatu, askari mpelelezi alipobanwa kwa maswali na wakili wa utetezi, alikiri kwamba jirani wa marehemu aliandikisha maelezo polisi, akasema mtu aliyemwona akitoka katika nyumba ile usiku hakuwa huyu aliyesimama kizimbani. Maelezo hayo hatukuwa tumeyasikia. Mwendesha mashtaka alijibu kwamba hakukusudia kumwita jirani huyo, basi hakuona sababu ya kuyatoa. Na jirani mwenyewe alikwisha kufariki. Ni kweli kwamba maoni yetu hayakumfunga jaji, lakini tuliyatoa kwa kiapo, na hadi leo inaniuma kwamba tuliombwa kupima ushahidi uliokwisha kupunguzwa.

Nchini Marekani, ambako raia 12 wa baraza la mahakama ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, Mahakama ya Juu ilisema tangu 1963, katika kesi ya Brady, kwamba kumficha mshtakiwa ushahidi mzito unaomsaidia ni kumnyima haki. Hata hivyo, John Thompson wa New Orleans, aliyetiwa hatiani kwa unyang'anyi na kwa mauaji, alikaa gerezani miaka 18, 14 kati ya hiyo akisubiri adhabu ya kifo, huku waendesha mashtaka wakiwa na ripoti ya maabara iliyoonyesha kwamba damu ya mnyang'anyi aliyedaiwa kuwa ni yeye ilikuwa ya kundi jingine. Mpelelezi wa mawakili wake aliigundua ripoti hiyo mwaka 1999, zikiwa zimebaki wiki chache tu auawe. Kesi ya mauaji iliposikilizwa upya mwaka 2003, aliachiwa huru. Wale raia waliomhukumu mwanzo hawakuwa watu wabaya. Waliamua kwa yale waliyowekewa mbele.

Sisi Waganda hatukosi sheria. Ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 inampa mshtakiwa muda na nyenzo za kuandaa utetezi wake, na Ibara ya 44 inakataza haki ya kusikilizwa kwa usawa isipunguzwe kwa namna yoyote. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba, katika shauri la Soon Yeon Kong Kim, ilikubali kwamba mshtakiwa anastahili kupewa maelezo ya mashahidi na nyaraka kabla kesi haijaanza, isipokuwa pale ambapo upande wa mashtaka utaithibitishia mahakama sababu ya kuvizuia. Ila mtu anapopelekwa Mahakama Kuu, anachokabidhiwa kisheria pamoja na hati ya mashtaka ni muhtasari wa ushahidi, na muhtasari huo unaandikwa na yuleyule anayetaka atiwe hatiani. Mwenye wakili mzoefu atadai mengine; mkulima aliyekaa mahabusu miezi mingi, na kukutana na wakili wa kupewa na serikali asubuhi ya kesi, atadai nini?

Najua kuna mashahidi wanaotishwa, na wengine wamelazimika kuhama vijiji vyao. Hofu hiyo ni ya haki, lakini sababu yake ipelekwe kwa jaji aipime, isiamuliwe kimyakimya ofisini na upande mmoja wa kesi, hasa katika nchi ambayo adhabu ya kifo ingali katika sheria zake.

Ninamwomba Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aagize kwamba, siku mshtakiwa anapopelekwa Mahakama Kuu, apewe orodha ya kila maelezo yaliyomo katika jalada la polisi, ikiwa na sahihi ya mwendesha mashtaka anayehusika, na ndani yake yawemo pia maelezo ya mashahidi ambao hakusudii kuwaita.

Mwalimu mstaafu,
Jinja