Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaokabidhiwa Uongozi

Wanangu,

Mmeanza kukabidhiwa maamuzi yanayogusa maisha ya watu, nami nina neno la kuwaambia kabla hamjakizoea kiti. Anayejitetea mbele za watu anajua kwamba anajitetea. Anayejitetea moyoni hajui. Yeye huona anafikiri tu.

Mwaka 1979, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaita wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Wote walipewa tafiti mbili wasome: moja ikionyesha adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha haipunguzi. Ungedhani wangesogeleana kidogo. Wapi! Kila upande uliusifu utafiti uliokubaliana nao, ukauchambua ule mwingine bila huruma, na wakaondoka wakiwa wametengana zaidi. Kinachonisikitisha ni kwamba hawakuwa wavivu wala waongo. Walikuwa makini kweli, ila umakini wao uliamka pale tu walipopingwa.

Mwaka 1984 Lord na Lepper, pamoja na Elizabeth Preston, waliliendeleza jaribio hilo. Kundi moja liliombwa lihukumu kwa haki, bila upendeleo. Ombi hilo halikusaidia. Kundi jingine liliambiwa lijiulize kila hatua: je, ningeukubali utafiti huu kama matokeo yake yangekuwa kinyume? Hapo upendeleo ukapungua.

Basi nia njema isiwatoshe. Malalamiko yakiletwa dhidi ya rafiki yako, mweke mpinzani wako mahali pake, ushahidi ubaki ule ule, kisha uone kama bado ungesema "tumpe nafasi nyingine." Wala msitegemee elimu iwaokoe, msomi ana hoja nyingi zaidi za kujipa haki.

Kazi ngumu zaidi huanza uamuzi ukishatangazwa, maana sasa jina lako limo ndani yake. Kwa hiyo andikeni mapema, kabla ya kuamua, ni jambo gani likijitokeza litawafanya mgeuke. Tukiyaacha akilini, masharti hayo huhamahama bila sisi kujijua. Karatasi hiyo mkabidhini mtu asiyewaogopa, na mumpe ruhusa ya kuwasomea hadharani siku mtakapokuwa hamtaki kuisikia.

Ni mimi, mzee wenu.