Hiyo boti ya Munyonyo

Ssebo, habari za huko Jinja, mama amepona mguu?

Picha za hiyo boti ya matanga unayotaka kununua Munyonyo nimeziona zote. Hiyo ni Catalina 22, ilichorwa na Mmarekani anaitwa Frank Butler, zikaanza kutoka kiwandani California mwaka 1969 na zikatengenezwa maelfu, kwa hiyo spea zipo (ushuru wa kuziingiza hapa Uganda huo tutaongea siku ingine, leo sitaki presha).

Sasa sikiza kaka. Hizi boti zipo za mkuku (kile kipande cha chini ya boti kinachozama majini) uliokazwa moja kwa moja na zipo za mkuku wa kupandisha, na hiyo ni ya kupandisha, mimi ningechukua hiyo tu kwa ziwa letu la Victoria. Ukiushusha wote unaingia kama mita 1.5 majini, ukiupandisha boti inataka sentimita 60 hivi basi, yaani unasogea mpaka kwenye mafunjo, mawe ya huko visiwa vya Ssese hayakutishi sana, na magugumaji yakinasa unauvuta juu yanaachia unaenda zako. Lakini mkuku wenyewe ni chuma kitupu, karibu kilo 250, hiyo ndo farumi, uzito wa kuzuia boti isipinduke, so ukitaka kubisha upepo, yaani kwenda kule upepo unakotoka, ushushe wote, la sivyo utasukumwa kando tu na Kalangala ya huko Ssese utaiona kwa mbali.

Ndani kuna vitanda ila kusimama wima sahau, boti yenyewe ni futi 21 na nusu na wewe ni mrefu vile.

Kabla hujatoa pesa, fungua pale kwenye ngazi ya kuingilia ndani, kuna winchi na waya unaobeba mkuku. Waya ukiwa na kutu au nyuzi zimeanza kukatika dai muuzaji apunguze bei, maana ukikatika huo mzigo wote unadondoka kwa kishindo na unaweza kupasua boti. Halafu shika mkuku utikise kushoto kulia, ukicheza sana jua pini inayoushika mkuku na tundu lake vimelika. Na usidanganywe ati faiba haiozi, deki ya hizi boti ina mbao katikati ya faiba, maji yakipenya kwenye bolti inaoza kimyakimya, kwa hiyo vua viatu utembee juu yote, hasa karibu na mlingoti, ukihisi panabonyea weka alama.

Matanga usihangaike nayo, hata yakiwa yamechoka tutashonesha.

Muulize huyo jamaa kama trela inakuja nayo, halafu nitumie video ya winchi kwa WhatsApp, nitakuwa Entebbe mpaka Jumapili.