Kichwa mkiani si dalili ya treni kurudi nyuma

Mhariri,

Picha za treni za vitongoji vya Dublin za miaka ya 1970 huwachanganya watu wengi. Kichwa cha treni kinaonekana mkiani, moshi unatokea nyuma, na mtazamaji anahitimisha kwamba treni inarudi kinyumenyume au imeharibika na inapelekwa karakana. Sivyo hata kidogo. Shirika la usafiri la Ireland, CIÉ, lilizitengeneza treni hizo ziende hivyo, na tunaomba nafasi tueleze kwa nini, kwa sababu ule ulikuwa ufundi mzuri unaostahili kuelezwa sawasawa.

Kati ya 1951 na 1954 CIÉ ilipokea mabehewa 60 yanayojiendesha ya AEC, kampuni ya Uingereza, kila moja likiwa na injini mbili za nguvu za farasi 125 chini ya sakafu. Miaka ishirini baadaye injini hizo zilikuwa zimechoka, ila mabodi yalikuwa bado yanafaa. Zikang'olewa. Sehemu ya mabehewa ikabaki ya abiria tu, na mengine yakaachiwa chumba cha dereva yawe mabehewa ya kuongozea. Upande wa pili wa treni kikafungwa kichwa cha dizeli cha daraja C, kilichoundwa na kampuni ya Uingereza ya Metropolitan-Vickers. Vichwa hivyo 34 vilikuja na injini za Crossley za nguvu za farasi 550 ambazo zilisumbua sana, vikawekewa injini za General Motors za nguvu 1,100. Bila badiliko hilo ingekuwa vigumu kwa kichwa kimoja kumudu treni ya vitongoji, ambayo haijamaliza kushika kasi inatakiwa kusimama tena.

Mpangilio wenyewe ni huu: kichwa upande mmoja, mabehewa ya abiria katikati, behewa la kuongozea upande mwingine. Kichwa hakihamishwi. Safari ya kwenda kinavuta, safari ya kurudi kinasukuma, na anayehama ni dereva peke yake.

Ili kuona faida yake, chukua stesheni kama Howth, ambako reli inakoma. Treni ya kawaida ikifika pale, kichwa kiko upande wa ukutani. Lazima breki za mkono zifungwe, mfanyakazi ashuke kati ya kichwa na behewa, alegeze skrubu ya kiungio, atoe hosi za breki, kichwa kisogee mbele kivuke swichi (mahali reli zinapogawanyika), kipite reli ya pembeni, kirudi upande wa pili, kifungwe upya, taa nyekundu ya mkiani ihamishwe, breki zijaribiwe. Kazi hiyo hula dakika nyingi, tena inahitaji reli ya pili iliyo wazi. Saa za asubuhi, treni nyingine ikiwa tayari inasubiri jukwaa lile lile, dakika hizo ndizo zinazovuruga ratiba ya njia nzima hadi Bray, kusini mwa Dublin. Kwa treni ya kuvuta na kusukuma, dereva anachukua funguo zake, anatembea urefu wa jukwaa na kuanza kazi upande wa pili. Jaribio la breki halirukwi, lakini hakuna kinachofunguliwa.

Dereva akiwa kwenye behewa la kuongozea, amri zake hupita katika kebo yenye nyaya nyingi inayopenya behewa baada ya behewa hadi kwenye kichwa. Mabehewa yanaungana kwa plagi yenye pini, na hapo ndipo penye ugonjwa. Pini moja ikiingia maji au kutu, dereva anaongeza nguvu na kichwa hakiitiki, au kinaitika nusu. Cha kufanya kwanza ni kuchomoa plagi, kuikausha, kusafisha pini na kuirudisha mpaka ikaze. Ikishindikana, treni haiwezi kuendelea kusukumwa kama kawaida, maana mwenye nguvu hana macho na mwenye macho hana nguvu. Kichwa kinapaswa kuletwa mbele kwa njia ile ile ndefu.

Kuendesha kwa kusukuma nako kuna namna yake. Injini iko mbali, dereva haisikii. Magurudumu yakiteleza kwenye reli yenye unyevu anategemea taa ya onyo tu. Akianza kuondoka lazima aongeze nguvu taratibu ili bafa, yaani vipokea mgongano vya chuma vilivyo kwenye miisho ya mabehewa, zibanane kwanza, behewa kwa behewa. Akiharakisha, abiria waliosimama wanapata mtikiso. Kufunga breki ni hivyo hivyo: kichwa chenye uzito wa tani 60 hivi kiko nyuma, na breki za mbele zikitangulia kushika, uzito huo wote unayakandamiza mabehewa.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni mahali pa kusimama. Kichwa hakibebi abiria, kwa hiyo si lazima kiwe kwenye jukwaa. Kikiwa mbele, dereva anakipitisha nje ya jukwaa ili mabehewa yote yapate nafasi. Kikiwa nyuma, anasimamisha behewa lake mwisho wa jukwaa, na kichwa kinaning'inia upande wa kule alikotoka. Kwa stesheni kama Lansdowne Road na Sydney Parade, ambako barabara inakatiza reli kando ya jukwaa, hilo si dogo: treni ikiwa ndefu kupita jukwaa, kichwa kinaweza kubaki katikati ya barabara na mageti yasifunguliwe.

Hofu ya kusukuma haikuwa bure. Huko Armagh, kaskazini mwa Ireland, tarehe 12 Juni 1889, mabehewa yaliyokatwa kutoka kwenye treni iliyoshindwa mlima yaliteremka yenyewe, na watu wapatao 80 wakafa. Mwaka huo huo sheria ikalazimisha treni za abiria ziwe na breki inayoenea treni nzima na kujifunga yenyewe treni inapokatika. Pasipo breki ya namna hiyo, haifai kabisa kuweka kichwa nyuma. Hatari nyingine ni behewa jepesi kutangulia: Polmont, Scotland, tarehe 30 Julai 1984, treni iliyokuwa ikisukumwa iligonga ng'ombe, behewa la mbele likaacha reli na watu 13 wakapoteza maisha. Juma moja kabla, tarehe 23 Julai, treni za umeme za DART zilikuwa zimeanza kazi kati ya Howth na Bray, na kazi ya vichwa vya dizeli kwenye treni za vitongoji za njia hiyo ikafika mwisho.

Kwa wanaotengeneza treni ndogo za maonyesho, angalizo moja. Vichwa vya daraja 121, vile 15 vya General Motors vya mwaka 1961, vina chumba cha dereva upande mmoja tu. Upande mwingine ni boneti ndefu inayomzuia dereva kuona vizuri. Kwenye treni ya kuvuta na kusukuma, kielekeze chumba cha dereva nje na boneti kwenye mabehewa. Ukikigeuza, dereva wako atakuwa akichungulia kando ya boneti kila treni inapovutwa, na hakuna behewa la kuongozea upande huo la kumsaidia.