Usirudi pale hosteli

Baraka mwanangu,

Huku tu wazima. Ila tangu Jumapili dada yako aliponionyesha ile picha, umesimama na maua nje ya hosteli ya wasichana, usingizi sina. Binti ameshakwambia hataki. Nawe ukasimama saa tatu nzima, watu wakipiga picha. Kwa nini, baba?

Dada yako anacheka, ati ni mapenzi ya kwenye filamu. Hapo ndipo ninapoogopa. Ile Love Actually ya 2003 mnayoiwasha kila Krismasi: Mark anabisha hodi kwa Juliet, mke wa rafiki yake, akiwa na mabango ya maneno ya mapenzi, mume yumo ndani, na bango moja linamwagiza mke adanganye kwamba ni waimba Krismasi. Halafu Juliet anamkimbilia na kumbusu! Aliyeigiza Juliet alikuwa na miaka 18 filamu ilipotoka, umri wa mdogo wako. Na Noah wa The Notebook, 2004: Allie anakataa, naye ananing'inia kwenye bembea kubwa la duara, anatishia kujiachia mpaka akubali. Ule ni ubabe. Lakini Allie alishaandikiwa "ndiyo" kabla kamera haijawashwa. Binti wa hapo kwenu hajaandikiwa na mtu. Alilokujibu ndilo jibu.

Usirudi pale hosteli.

Pesa ya bumu uliyomtumia bibi imefika, alilia kwa furaha, kila mgeni anasimuliwa. Mtu mwenye moyo huo anakosaje kuona kwamba binti wa watu ameshindwa kutoka hata kwenda kula?

Baba yako anasema nakuza mambo, kwani naye alinifuata kituoni miezi sita. Ile hadithi ninayoisimulia kwenye harusi. Sehemu moja huwa naiacha: miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nashukia kituo cha mbele, narudi kwa miguu gizani, nisimkute. Ningeisema yote mapema.

Fundi amemaliza bati la jikoni, lakini bado linavuja upande wa stoo, mahindi tumeyahamishia chumbani kwako. Shuka zako mbili nitampa dereva wa basi Ijumaa, umpokee mapema.

Na usimwandikie kuomba msamaha kila siku. Mara moja, maneno mawili, basi. Ukikutana naye darasani, kaa safu nyingine. Nijibu kwamba hukurudi pale.

Mama yako