Bei ya nyumba Dodoma haipandi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu 2003, mwaka nilioanza kazi ya ualimu, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Taarifa yenu ya Jumanne iliyopita kuhusu bei ya nyumba hapa Dodoma ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mliandika kwamba bei zimepanda kwa sababu Serikali imehamia, watumishi wameongezeka na wanaotafuta nyumba ni wengi. Kisha mkamweka mtaalamu akitushauri sisi wa kipato cha kawaida tukatafute pembezoni, Nala na Ihumwa, mapema kabla hakujachangamka. Ihumwa iko jirani kabisa na Mji wa Serikali wa Mtumba. Aliyetoa ushauri huo hajaulizia bei ya kiwanja huko, na mwandishi wenu hakumuuliza.

Sikatai kwamba watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilitukuta 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma, na ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Kila mwenye macho anaona. Ninachokataa ni hilo neno "zimepanda", kana kwamba bei ni maji ya korongo yanayojaa mvua ikinyesha. Bei inapandishwa, Mhariri. Kuna mkono unaoipandisha, na mkono huo nimeuona.

Mwaka jana mwezi wa tano mimi na mume wangu tulipata nyumba Nkuhungu. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, bati limeshapigwa, madirisha yana nondo bila vioo, sakafu bado vumbi tupu. Kabla ya kuifikia, dalali alikuwa ametuzungusha wiki tano, Kisasa, Ilazo, Mkonze, kila kutoka shilingi 20,000 ya kuona nyumba, hata siku tuliyofika tukakuta familia nyingine inashusha vyombo. Mwenye nyumba ya Nkuhungu, mzee mwenye heshima zake, alianza na milioni 58. Tukaongea kwa utaratibu, akashuka hadi 52. Tukapeana mikono balozi wa nyumba kumi akiwepo.

Mwalimu hana milioni 52 mkononi. Tulikuwa na milioni 19, akiba yetu ya miaka kumi na moja pamoja na fedha za kikoba, na iliyobaki tukaenda kuiomba benki. Hapo ndipo safari ilipoanza. Benki ikataka nakala ya hati. Nikaleta. Ikataka barua ya mwajiri, na barua ikakaa mezani kwa mtu aliyekuwa semina. Ikataka upekuzi wa hati, tujue kama haina deni wala zuio. Ikataka ripoti ya mthamini, na mthamini tukamlipa sisi. Mshahara wangu ukapigiwa hesabu, maana lazima theluthi moja ibaki baada ya makato, ukaonekana hautoshi, mume wangu naye akaingizwa, karatasi zikaanza upya kwa jina lake. Sikulalamika. Nilijiambia ndivyo mambo ya halali yanavyokwenda, na kila Ijumaa nilimpigia mzee kumweleza tulipofika ili asidhani tumemtelekeza. Siku ya 41 nikiwa kwenye foleni ya benki hiyo hiyo, na fomu ya mwisho mkononi, dalali akanipigia. "Mwalimu, kuna mtu ametoka Dar, ana milioni 70 keshi, anataka kumaliza leo leo. Ninyi mnaongeza ngapi?" Hatukuwa na cha kuongeza. Jioni tulikwenda kwa mzee. Alitutolea viti, akatukaribisha maji, akasema, "Mwanangu, nisamehe, na mimi nina watu wananidai." Nilimwamini, na bado namwamini. Fedha ya mthamini haikurudi, ya dalali haikurudi, na siku 41 za kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule hazikurudi.

Kuna kitu kimoja kilibaki. Wiki ya tatu ya kusubiri, mume wangu alikwenda na tepu kupima fremu ya mlango wa mbele, akaagiza mlango wa mninga kwa fundi wa Majengo, inchi 36 kwa 84. Ulikamilika siku nne baada ya nyumba kuuzwa. Fundi alikuwa ameshakata mbao na kuuchonga maua juu, hatukuweza kumwambia auchukue. Uko sebuleni kwetu tulipopanga, Chang'ombe, umeegemezwa ukutani nyuma ya kochi, umepakwa vanishi na haujawahi kufunga kitu chochote. Kila asubuhi nikifagia lazima niuinue kidogo. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita, ameubandika picha zake.

Mwezi uliopita nilipita Nkuhungu kumjulia hali mgonjwa, nikageuza njia kwenda kuiangalia ile nyumba. Hakuna anayeishi pale. Nondo zile zile bila vioo, sakafu ile ile ya vumbi, nyasi zimefika usawa wa dirisha. Hakuna tofali lililoongezwa. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu "INAUZWA" na namba ya simu. Nikapiga. Milioni 95. Kwa hiyo yule bwana hakutafuta pa kulala. Alinunua ukuta, akaufungia, akasubiri, na katika taarifa yenu ya Jumanne milioni zake 25 za juu zimehesabiwa kama ongezeko la watu. Mwandishi wenu angetembea Nkuhungu, Nzuguni au Iyumbu jioni, akahesabu mapagale na nyumba zilizokamilika ambazo hazina taa hata moja, angeandika habari nyingine kabisa. Mji unaambiwa una upungufu wa nyumba, na nyumba zimesimama gizani zikisubiri tuzidi kukata tamaa ili ziuzwe ghali zaidi.

Na kwa kuwa hatukununua, tunapanga, na kupanga nako ni mateso mengine. Mwenye nyumba wetu alikuwa anapokea kodi ya miezi mitatu, ikawa sita, sasa anataka ya mwaka mzima, kwa maelezo kwamba watu wa wizarani wanalipa hivyo. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, usiku, nasi tunaamka saa nane kujaza madumu. Mama mmoja tunayeishi naye uani, muuza mbogamboga, aliambiwa Machi apishe chumba hadi mwisho wa Juni kwa sababu Bunge la Bajeti linakuja na kuna mgeni atakayelipa kwa siku. Alihamishia watoto kwa dada yake Hombolo, na shule ilikuwa haijafungwa. Julai alirudi chumba kile kile kwa kodi mpya.

Wazazi wetu waliishi na uamuzi wa 1973 wa makao makuu kuja Dodoma kama ahadi ya mbali. Baba yangu alikufa akiwa anaisubiri. Julai 2016 hayati Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli, nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele, na 2018 tulipopewa hadhi ya jiji nilivaa kitenge kipya kwenda kazini. Furaha ile sijaijutia. Ninataka kukaa katika jiji hili nikiwa na mlango wangu.

Mapendekezo yangu ni haya, na nayaandika nikijua yanawezekana bila kununua mtambo wowote. Nje ya kila ofisi ya serikali ya mtaa uwekwe ubao mweusi, futi nne kwa nane, wa chaki. Nyumba yoyote inayouzwa katika mtaa iandikwe pale: namba ya kiwanja, bei, tarehe, na bei ambayo mwenye nyumba mwenyewe aliinunulia kama hakujenga yeye. Bei ikishaandikwa isibadilishwe kwa siku 60. Mnunuzi akileta barua ya benki inayoonyesha mkopo wake unashughulikiwa, nyumba ile isiuzwe kwa mwingine mpaka siku hizo ziishe, na mtendaji wa mtaa asigonge muhuri kwenye mkataba wowote unaovunja hilo. Muhuri tayari upo kwao, na bila muhuri hakuna anayethubutu kutoa fedha yake. Mwaka jana mtu wa ofisi moja ya mtaa aliniambia mauziano yakikamilika nitatoa asilimia kumi ya bei. Nilipomuuliza ni kwa sheria gani, akajibu ndivyo ilivyo siku zote. Kama wanaona haya kuulizwa sheria, basi wafanye kazi moja ya kumlinda anayepeleka karatasi dhidi ya anayekuja na begi.

Mhariri, mtume tena mwandishi wako. Asianzie kwa mtaalamu. Namba ya simu iliyo kwenye ule ukuta wa Nkuhungu ninayo, nitampa. Apige yeye mwenyewe, aulize nyumba ile ilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi, na ni nani aliyewahi kulala humo.

Mwalimu,
Chang'ombe, Dodoma