Barua ya wazi kwa mabinti wanaoitikia nyuma ya mwimbaji

Wajukuu zangu,

Nasikia baadhi yenu mnataka kuacha kundi kwa sababu kila siku mnaitikia tu, na picha kubwa ni ya mwenzenu. Kabla hamjaondoka, nawaomba mjue habari za Mary Wilson, aliyeitikia katika kundi la Marekani la The Supremes.

Yeye na wenzake walianza mwaka 1959 huko Detroit, wasichana wa nyumba za serikali za Brewster-Douglass. Mwaka 1961 wakasaini na kampuni ya rekodi ya Motown kwa jina la The Supremes. Kuanzia 1964 hadi 1969 nyimbo zao 12 zilishika namba moja Marekani. Aliyesimama mbele ni Diana Ross. Mary na Florence Ballard waliitikia. Sikilizeni “Where Did Our Love Go”, wa kwanza kufika huko. Ondoeni kiitikio, muone unavyopwaya.

Basi kuimba sauti ya pili si aibu. Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwaka 1967 jina la Diana liliwekwa mbele ya jina la kundi, na Florence akatolewa. Alifariki 1976 akiwa na miaka 32 tu, akiwa ameshaonja kuishi kwa msaada wa serikali. Binti yule, na sauti ile! Mwaka 1968 ukatoka “Love Child” kwa jina la kundi, lakini walioitikia ni waimbaji wa studio. Mary hamumsikii humo. Iliwezekana kwa sababu jina lilikuwa la kampuni.

Mary hakususa. Diana alipoondoka 1970, yeye alibaki mpaka 1977. Akayatunza magauni yao ya jukwaani, hata mwaka 2008 yakaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Akapigania sheria za kuzuia makundi bandia kutumia majina ya wakongwe, na ile ya 2018 iliyowapa wasanii malipo ya mtandaoni kwa rekodi za kabla ya 1972. Alifariki Februari 2021, akiwa na miaka 76.

Kwa hiyo msiondoke kwa hasira. Muulizeni meneja: jina la kundi limesajiliwa kwa nani? Fungu la waitikiaji ni kiasi gani, na limeandikwa wapi? Akiwajibu kwamba ninyi ni familia, karatasi za nini, siku hiyo msiingie studio.

Ni mimi bibi yenu, niwapendaye.