Uchaguzi wa majimbo Marekani usipimwe kwa rais peke yake

Mhariri,

Kila matokeo ya ugavana au ya mabunge ya majimbo yanapotoka Marekani, kurasa za kimataifa huuliza swali moja: rais amepanda au ameshuka? Swali hilo lina msingi. Mwaka 2010, Barack Obama akiwa Ikulu, chama cha Democratic kilipoteza viti zaidi ya 600 vya mabunge ya majimbo, ilhali wabunge hao wa majimbo hawakuwa na kura hata moja katika sheria ya bima ya afya iliyowaangusha, maana ilipitishwa na bunge la kitaifa. Hasara ikadumu, maana mengi ya mabunge hayo mapya ndiyo yaliyochora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi baada ya sensa.

Hata hivyo, uzito wa chama hutofautiana, na anayetaka kuujua aanze na karatasi ya kura. Nebraska haichapishi chama kando ya majina ya wanaowania viti 49 vya bunge la jimbo. Ohio ilianza kukichapisha kwa majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2022. Florida, mwaka 2024, pendekezo la kukiweka kwenye kura za bodi za shule lilipata wengi lakini halikufika asilimia 60 inayotakiwa. Mpiga kura asiyemfahamu mgombea hushika chama, hasa pale gazeti la mtaani lilipokufa na habari zote zikawa za Washington. Tena kuondoa chama si dawa kamili: wengi huacha sehemu hiyo bila alama.

Kisha atazame cheo. Larry Hogan wa Republican alichaguliwa gavana wa Maryland, jimbo linaloelemea Democratic, mwaka 2014 na 2018. Mwaka 2024 jimbo hilohilo likamnyima useneta, yaani kiti katika Seneti ya kitaifa. Phil Bredesen wa Democratic alizoa kaunti zote 95 za Tennessee, jimbo linaloelemea Republican, katika ugavana mwaka 2006, akashindwa useneta mwaka 2018. Gavana huulizwa barabara na bajeti. Seneta huulizwa atakiongezea chama gani kiti.

Ninaomba waandishi wenu wafanye hesabu moja. Wachukue asilimia ya mgombea katika kaunti, watoe ile aliyopata mgombea urais wa chama chake hapohapo. Tofauti ikiwa ndogo, kilichopigiwa kura ni chama cha kitaifa. Ikiwa kubwa, watafute mgombea huyo aliwaahidi nini wakazi wa hapo.

Msomaji wenu